Watu Waliomtaka Dancan

Nisemayo hapa nayasema kwa hasira, na hasira zenyewe zina mwaka mzima sasa, tangu Juni ya elfu mbili na saba. Anayetaka maneno ya upole akayatafute kwa mwengine.

Mie ni Masuda, mzaliwa wa Unguja, mtaa wa Malindi. Nimeletwa Dubai ningali mtoto wa kubebwa, hapa ndipo nilipokulia, nikaolewa, nikafiwa na mume. Marehemu kaniachia mkahawa mdogo Ras Al Khor, katikati ya magereji na maduka ya vipuri. Nauza chai, chapati, sambusa na maharage ya nazi. Wateja wangu ni mafundi na wapakuzi, watu wenye oili mpaka kwenye kope. Siwaonei kinyaa hao. Oili inatoka kwa sabuni. Walionitia kinyaa mie ni watu wasafi, na nilikutana nao kwa sababu ya Dancan.

Dancan alikuwa mtunza stoo kwenye duka la giaboksi, hatua thelathini kutoka kwangu. Mkenya, Mkamba, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku ya kushusha kontena. Kwa miaka miwili alikuja kila asubuhi saa moja akaagiza kitu kile kile, maziwa ya moto yenye tangawizi na sukari, bila majani ya chai. Siku ya mwanzo nilidhani ana vidonda vya tumbo. Akanambia kwa adabu, "Madam, dini yangu hairuhusu chai wala kahawa." Nikamwambia madam yuko Jumeirah kwa matajiri anapakwa rangi za kucha, mie aniite Bi Masuda, tena anieleze ni dini gani hiyo inayomkosesha mtu chai. Akasema yeye ni Mmormoni. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Mafundi wakampachika jina la Dancan Maziwa, naye akacheka pamoja nao.

Nilimpenda tangu hapo, sifichi. Watoto sikujaaliwa, na yeye alikuwa na tabia ya kurudisha kikombe chake mwenyewe mpaka kwenye karo la kuoshea vyombo. Akisubiri maziwa yachemke ananihadithia habari za kwao. Walikuwa wakikutana Ijumaa, kwa kuwa Dubai Ijumaa ndiyo mapumziko, na wao kwa wao wanaitana Ndugu fulani na Dada fulani. Yeye akikaa na Wakenya wanne wa kanisa lake kwenye fleti moja Al Barsha. Kila hadithi ilikuwa na Ndugu Tonny ndani yake. Ndugu Tonny kaunguza ugali, Ndugu Tonny kaumwa na jino, Ndugu Tonny kapata kazi ya ulinzi kwenye lile duka kubwa la huko. Nikajua ndiyo desturi yao, kama sie tunavyomwita mtu sheikh na hata alifu haijui.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu akaja, akakaa, akasema, "Bi Masuda, nipe chai."

Nikamuuliza, "Chai chai?"

"Chai ya rangi."

Nikampa. Akanywa funda moja, uso ukamkunjamana, akasema chungu. Nikamwambia atie sukari. Akatia vijiko vinne, akakoroga muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ndipo akanambia kwamba kanisa ameliacha.

Alikwenda kwenye duka la intaneti kumtumia mama yake barua, akaanza kusoma historia ya kanisa lake. Huko ndiko alikokuta kwamba mpaka mwaka wa sabini na nane mwanamme mweusi hakuwa akipewa ukuhani wa kanisa lile. "Mimi nimezaliwa sabini na saba, Bi Masuda. Siku niliyozaliwa, baba yangu angekuwa mwema namna gani, wasingempa." Akaenda kwa kiongozi wao, mzungu mpole, akamuuliza kwa nini. Yule mtu akamjibu kwamba hajui, kwamba mambo yalishabadilika, na kwamba waombe. "Hakunidanganya," Dancan akasema. "Lakini nilipotoka pale nilisikia kichefuchefu, si cha mdomoni, ni cha kweli, nikasimama nikashika ukuta. Miaka tisa nimefundisha watu mambo haya, na hili hata sikulijua." Akaandika barua ya kujitoa.

Nikamuuliza wenzake wamesema nini. Akasema hawakusema kitu, na hilo ndilo lililomuumiza. Matusi angejua la kuyafanya. Miaka tisa alikuwa Ndugu Dancan, wiki ile ile wakaanza kumwita Dancan. Akiingia jikoni, maneno yanakatika. Wanamsogezea chumvi, wanatabasamu, wanatoka.

"Na huyo Ndugu Tonny wako?"

"Hanitazami usoni. Anapika, ananiwekea sahani, anaingia chumbani."

Mwezi haukwisha akahama fleti ile, akakodi kitanda Al Quoz, kwenye chumba cha watu sita asiowajua. Na mie nikamchukia Tonny. Sijamwona hata kivuli, nikamchukia kwa jina.

Mwezi wa tano akanyanyua giaboksi peke yake kwa kuwa arbab, mwenye duka, alikuwa na haraka, ngiri ikatoka. Alikuwa akija kunywa chai kainama, mkono umebana kinena, jasho la baridi linamtoka. Hospitali wakampangia kupasuliwa Jumatano ya tarehe kumi na tatu Juni. Sharti ni moja. Asije peke yake. Lazima awepo mtu wa kungoja nje, wa kumtoa baada ya upasuaji, na wa kukaa naye siku za mwanzo, maana hataweza hata kujivalisha viatu. Bila mtu huyo watamwahirisha, na daktari kamwonya kwamba ngiri ile ikijikaza itamuua. Dancan akanionyesha fomu. Kila mahali pamejazwa ila jina la mtu wake.

"Sina wa kuandika," akasema.

Nilitaka kumwambia niandike mie. Ulimi ulifika mbele ya meno ukarudi. Mjane wa Kizanzibari, akamuuguze mwanamme wa Kikenya, majirani watasemaje, kaka yangu Aidarus atasemaje. Nikajifanya nafuta kaunta. Hayo pia nayasema, na yananichukiza mpaka leo.

Aidarus alipopata habari, ndio kwanza macho yakamng'ara. Kaka yangu huyu ana duka la tairi jirani, na ana kiti chake maalumu mkahawani. Akanambia, "Huyo sasa yuko wazi, hana dini. Huu ndio wakati wake." Kesho yake akaja na vijitabu vitatu, akamkalia Dancan mezani, akamwambia asilimu, watu hatakosa, hospitali itajaa. Dancan akapokea vijitabu kwa mikono miwili, akashukuru. Alipotoka, Aidarus akawageukia rafiki zake wa kwenye benchi akasema, "Siku mbili tatu tu, khalas, huyu nishamshika." Wakacheka.

Dini yangu naipenda, naswali, nafunga. Ndiyo maana nilishindwa kumtazama Aidarus. Mtu anaumwa ngiri, we wahesabu umemshika? Nikamwambia kakangu anyanyuke kwenye kiti changu aende zake, na chai yake nikaimwaga.

Waliofuata walikuwa watu wa wokovu, walokole. Kulikuwa na kikundi cha maombi cha Waafrika Mashariki, kikijiita Chemchemi ya Jangwani, kilichokodi ukumbi Al Barsha, kikiongozwa na Mtanzania wa bara aitwaye Mchungaji Severin. Suti ya rangi ya maziwa, viatu vyenye ncha, manukato yanayofika kabla yake. Sijui nani alimpelekea habari za Dancan. Alikuja mpaka mkahawani kumtafuta, akamkumbatia bila kujali kwamba mtu ana maumivu, akasema, "Kaka, Mungu amekutoa shimoni. Sisi ndio familia yako." Dancan akamwambia habari za fomu. Severin akacheka, akasema jambo dogo hilo, watakuja watu kumi. Ila Ijumaa kwanza aje atoe ushuhuda.

Dancan alifurahi, na furaha ile iliniuma. Jioni ile alikunywa vikombe viwili. Akasema, "Bi Masuda, sijali hata wakiimba vibaya."

Ijumaa hiyo nilikuwepo ukumbini, kwa kuwa wao ndio walioniagizia sambusa mia na ishirini. Nikasimama nyuma na masinia yangu. Watu walijaa, wamependeza, feni zinazunguka. Severin akamwita Dancan mbele kama mtu aliyetoka kwa majini. Akasema, "Ndugu zangu, leo mtasikia siri za gizani." Akampa maikrofoni.

Dancan akasimama kajibana ubavu. Akasema, "Gizani sikuwepo. Taa zilikuwa za kutosha." Watu wakacheka kidogo, wakidhani anawatania. Akaendelea, "Nilifika mji huu sijui mtu. Walinilisha. Walinifundisha kusimama mbele za watu nikazungumza, ndiyo maana naweza leo. Kuna jambo nililisoma nikashindwa kulimeza, nikaacha kuamini. Ni hilo tu. Bado nawakosa, kila Ijumaa nawakosa."

Severin akamnong'oneza, na maikrofoni ikayabeba maneno yote, "Waambie ya usiku. Waambie ya viapo." Dancan akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba yeye hasemi jambo asiloliona.

Hapo Severin akamnyang'anya maikrofoni akatangaza kwamba huyu bado amefungwa, anahitaji kufunguliwa. Wakapanda wanaume watano wakamzunguka, mikono kichwani, mikono tumboni, wanamsukuma paji la uso ili aanguke, maana kwao mtu akianguka ndio kafunguliwa. Mwenye ngiri jamani. Dancan kashika kiti, hataki kuanguka, uso umekuwa wa majivu, nao wanamsukuma na kupiga kelele, na mama mmoja mbele yangu anakula sambusa yangu huku anapiga makofi kwa mkono ulio na mafuta. Nikaweka sinia chini nikapita katikati yao na baibui langu. Nikamshika Dancan mkono nikamtoa. Hakuna aliyenizuia, walidhani ni sehemu ya maombi.

Nje nilitema mate. Mtu mzima, hadharani, nilitema.

Jumanne, siku moja kabla ya upasuaji, Severin akapiga simu kusema kwamba wale watu kumi wamepata udhuru, ila wanamwombea kwa mbali. Dancan akaiweka simu mezani taratibu. Nikamwambia, "Lete hiyo fomu." Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, na pale penye swali la uhusiano nikaandika mama. Majirani waseme watakalo. Na kwa kweli, nikiandika neno lile nilisikia raha fulani, raha ya mtu aliyeshinda mnada. Nimewashinda wote, nikasema moyoni, sasa ni wangu.

Jumatano alfajiri fundi Humam wa gereji ya jirani alitupeleka kwa pikapu lake, hakuuliza dini ya mtu. Dancan akaingizwa ndani saa mbili. Nikakaa wodini kwenye kiti cha plastiki na tasbihi yangu.

Saa nne hivi nesi wa Kihindi akaja kunambia yuko mtu nje ya mlango wa wodi, anasema mgonjwa ni ndugu yake. Nikatoka. Kijana mwembamba, suruali ya sare ya ulinzi, shati la sare, mfuko wa nailoni mkononi. Akaniamkia. Akasema, "Mama, mimi naitwa Tonny. Nimekuja kumwona ndugu yangu."

Kusikia jina lile, damu ikanipanda. Nikamwambia, "Ndugu gani? Lile neno si mlimvua nyie? Miezi mitatu mtu analala na wageni, anatembea kashika tumbo, mlikuwa wapi na undugu wenu? Mmetumwa mje kumrudisha kundini akiwa hana nguvu ya kukataa? Umechelewa, mwenzio wa suti keshajaribu. Toka, usinitie kinyaa." Nilisema na mengine nisiyoweza kuyarudia. Yeye kainamisha kichwa, anasikiliza mpaka mwisho, wala hakujitetea. Nilipokwisha akauliza, "Ameshaingia?" Nikamwambia hayamhusu, asithubutu kuvuka mlango ule. Akateremka ngazi. Nikarudi kwenye kiti changu nimejaa ushindi.

Dancan aliletwa wodini saa sita, amelegea, midomo imekauka. Akafumbua macho, akanitambua, akatabasamu. Kisha akauliza, "Tonny hakuja?"

"Kaja huyo Ndugu Tonny wenu," nikasema. "Nimemtimua. Nimempa maneno yake yote."

Sauti ilimtoka kwa tabu. "Bi Masuda, Tonny ni mdogo wangu. Mama mmoja, baba mmoja."

"Lakini ulikuwa ukimwita Ndugu Tonny."

"Si ni ndugu yangu?"

Akanieleza kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kwamba kanisani walizoea kuitana hivyo mpaka nyumbani. Kwamba yeye ndiye aliyemleta Tonny Dubai, na kabla ya hapo yeye ndiye aliyemwingiza kanisani, akambatiza kwa mikono yake mwenyewe. "Nimemwingiza mahali halafu nimemwacha ndani peke yake. Ndiyo maana hanitazami. Na mimi nikaona haya kuandika jina lake kwenye fomu."

Miezi mitatu nimemwandama Aidarus, nimemwandama Severin, nimetema mate barabarani kwa sababu ya watu wanaomtaka Dancan awe wao. Na mie nimesimama mlangoni nimemfukuza mtoto wa mama yake. Kinyaa nilichokisikia wakati ule kilikuwa changu mwenyewe, na hakikuwa na pa kutemwa.

Nikashuka ngazi mbio, na magoti yangu haya. Nilijua keshaondoka, yamepita masaa mawili. Nikamkuta kakaa kwenye ukingo wa barabara upande wa maegesho, juani, joto la mwezi wa sita, mfuko wake mapajani.

Nikamuuliza kwa nini hakuondoka. Akasimama kwa heshima. "Ulisema nisiingie, mama. Hukusema nisikae nje."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba pale pale, watu wanapita. Akasema si kitu, yeye mwenyewe anastahili yale maneno, kila wiki alikuwa akipiga simu kwa mwenye duka kuuliza hali ya kaka yake na kumwomba asiseme ni nani aliyeuliza. Kule ndiko alikoambiwa habari za upasuaji. Nikamwambia Dancan atauguzwa kwangu, chumba cha nyuma ya mkahawa, na yeye aje kila atokapo kazini, chakula kipo. Akauliza mie ni wa kanisa gani. Nikamwambia mie ni wa sambusa, twende juu.

Hawakukumbatiana. Tonny alisimama miguuni pa kitanda, akatoa kandambili kwenye mfuko akaziweka chini, na shuka safi. Kisha akasema, macho yapo kwenye shuka, "Mimi bado naenda kanisani."

"Najua."

"Sitaacha."

"Sijakuambia uache."

Tonny akasogea karibu. "Nikuombee?"

"Leo usiniombee, Tonny."

"Haya," akasema, akavuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza akamtazama kaka yake usoni.

Wakati ule ule dawa ya usingizi ya upasuaji ikamchafua Dancan tumbo. Nilimwona anavyobadilika, shingo inakaza, mkono unatafuta pa kushika. Beseni lilikuwa chini ya kitanda, upande wangu, mkono wangu ungelifika. Mie ndiye niliyeandikwa mama. Nikageuza uso ukutani, nikaziba pua kwa mtandio, sikuweza. Tonny hakutafuta beseni. Aliweka viganja viwili pamoja chini ya kidevu cha kaka yake akakinga matapishi, yote, ya njano, ya moto, mpaka yakamtiririkia ndani ya mikono ya sare yake, huku akimwambia kitu kwa Kikamba, polepole. Dancan alipotulia, Tonny akamfuta mdomo kwa bega la shati lake. Kisha akakinga tena.